Dawa za kibayolojia kwa magonjwa ya utumbo: zianze lini, kwa nani, na nani atazilipia hadi mwisho

Mtu anayeharisha damu kwa miezi kadhaa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hupewa majina mengi ya ugonjwa kabla ya kupewa lililo lake. Ataambiwa ni amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na atameza Flagyl dozi baada ya dozi. Siku atakapoingizwa kamera ya utumbo mpana na kuambiwa ana ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, mkanganyiko wa kwanza unaisha na wa pili unaanza. Ndugu aliye Ulaya anamtumia ujumbe kwamba kuna sindano za kibayolojia zinazomaliza ugonjwa huo. Mwingine anamwonya kwamba sindano hizohizo zinaua kinga ya mwili na kuleta saratani. Wa tatu, ambaye ameshauliza bei, anasema zipo za nafuu, ila ni za kuiga. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ni vigumu kumjibu kwa neno moja.

Hoja ya makala haya ni kwamba nguvu ya dawa hizi imeshathibitika, na ubishi wenye maana umehamia kwenye mambo yanayozizunguka: uhakika wa utambuzi, wakati wa kuanza, na uwezo wa kuendelea bila kukatiza. Moja kati ya hayo likikosekana, dawa bora kabisa inaweza kuwa uamuzi mbaya.

Kinachoumwa na kinachotibiwa

Katika magonjwa haya mawili kinga ya mwili inawaka ndani ya utumbo na haizimiki. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana peke yake, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu, na hula utando wa ndani tu. Ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn wa New York na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliueleza mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, hupendelea mwisho wa utumbo mwembamba, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kwa sababu hiyo Crohn ndiyo huacha makovu yanayoziba njia, majipu na fistula. Chanzo cha yote mawili ni mchanganyiko wa urithi, vijidudu vya utumboni na mazingira ya maisha. Hakuna kidudu kimoja cha kuua ili mambo yaishe, kama ilivyo kwa vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria wa H. pylori. Kinachowezekana ni kuutuliza ugonjwa na kuuweka ukiwa umetulia.

Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na mesalazini kwa kolaitisi nyepesi, ambayo hadi leo inawatosha wengi, na kwa ugonjwa mkali zikatumika steroidi kama prednisoloni pamoja na vidonge vya kupunguza kinga kama azathioprini. Steroidi huzima moto haraka lakini hazizuii usirudi, na anayezimeza mwaka hadi mwaka hulipa kwa mifupa dhaifu, kisukari, shinikizo la damu na maambukizi. Azathioprini nayo huchukua hadi miezi mitatu kabla ya kufanya kazi yake kikamilifu.

Dawa za kibayolojia ni protini zinazozalishwa ndani ya seli hai, na zinazotumika hapa ni kingamwili zilizotengenezwa kulenga kitu kimoja. Infliksimabu na adalimumabu hukamata TNF, mjumbe wa kikemikali anayechochea uvimbe. Vedolizumabu huzuia seli nyeupe za damu zisivuke kuingia kwenye ukuta wa utumbo. Ustekinumabu huwazuia wajumbe wawili, IL-12 na IL-23, na zile za karibuni kama risankizumabu humzuia IL-23 peke yake. Kwa kuwa ni protini, zikimezwa tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama, hivyo hutolewa kwa dripu au kwa sindano ya chini ya ngozi. (Tofasitinibu, inayotajwa mara nyingi pamoja nazo, ni kidonge cha kemikali ya kawaida na si dawa ya kibayolojia, ingawa nayo hupunguza kinga.)

Ushahidi unasema nini hasa

Infliksimabu ilitokana na kazi ya Jan Vilček na Junming Le wa Chuo Kikuu cha New York wakishirikiana na kampuni ya Centocor. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997, lenye wagonjwa 108 wa Crohn, lilionyesha kwamba wiki 4 baada ya dripu moja, asilimia 81 ya waliopewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 17 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa Crohn, na mwaka 2005 kwa kolaitisi ya vidonda. Ni mara chache tiba ya ugonjwa sugu kuonyesha pengo la namna hiyo, na hapo ndipo ulipozaliwa uvumi wa sindano inayomaliza kila kitu.

Namba za muda mrefu zinatuliza shangwe. Katika jaribio la ACCENT I la mwaka 2002, wagonjwa 573 walipewa dripu ya kwanza na asilimia 58 wakaitikia. Miongoni mwa hao walioitikia, walioendelea na dozi ya miligramu 5 kila wiki 8 na kuwa wametulia kabisa kufikia wiki ya 30 walikuwa asilimia 39, dhidi ya asilimia 21 ya waliowekewa dripu isiyo na dawa. Utafiti wa PANTS wa Uingereza, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 1,600, uliona kwamba karibu robo hawakuitikia tangu mwanzo. Wengine huitikia, kisha mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe na nguvu yake inakwisha. Kwa hiyo ndugu wa Ulaya amekosea kusema inamaliza, lakini atakayesema haifanyi kazi atakuwa amekosea zaidi. Mgonjwa aliyekuwa akienda chooni mara kumi na tano kwa siku, kisha akarudi kazini, hahitaji asilimia kumthibitishia.

Kupanda ngazi au kuanzia juu

Mabishano makubwa kati ya madaktari wenyewe yanahusu mpangilio. Wanaopendelea kupanda ngazi huanza na dawa za bei ndogo na kuongeza nguvu pale tu zinaposhindwa. Hoja yao ni nzito: baadhi ya wagonjwa wana ugonjwa mpole usiohitaji silaha kubwa, dawa za kibayolojia ni ghali, na kila dawa inayogusa kinga ina hatari yake. Wanaotaka kuanzia juu wanajibu kwamba katika Crohn muda unaopotea hupotea pamoja na utumbo. Uvimbe unaweza kutulizwa, lakini kovu lililokwisha kuziba njia halilainiki kwa dawa. Anayepanda ngazi polepole anaweza kufika juu akiwa na ugonjwa ambao dawa haiwezi tena kuugusa.

Ushahidi umekuwa ukiegemea upande wa pili, hatua kwa hatua. Jaribio la SONIC la mwaka 2010 lililinganisha watu 508 ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa hizi. Kufikia wiki ya 26, waliotulia bila steroidi walikuwa asilimia 56.8 kwa mchanganyiko wa infliksimabu na azathioprini, 44.4 kwa infliksimabu peke yake, na 30 kwa azathioprini peke yake. Kisha mwaka 2024 yakatoka matokeo ya PROFILE, jaribio la Uingereza la watu 386 waliogunduliwa na Crohn karibuni. Walioanzia juu na kubaki wametulia mwaka mzima bila steroidi wala upasuaji walikuwa asilimia 79. Waliopanda ngazi, asilimia 15.

Pengo hilo linastahili kuulizwa maswali. Kanuni ya kuhesabu iliwabana waliopanda ngazi: aliyehitaji kuongezewa dawa kwa sababu ugonjwa umelipuka alihesabiwa kuwa hakufanikiwa, wakati kuongezewa dawa ndiyo mbinu yenyewe ya kundi lake. Anayesoma 79 dhidi ya 15 kana kwamba ni idadi ya waliopona na wasiopona anasoma vibaya. Hata hivyo pingamizi hilo haliigusi namba ya upasuaji wa dharura wa tumbo, ambayo kwa walioanzia juu ilikuwa ndogo kwa takriban mara kumi. Kisu hakijali kanuni ya kuhesabu. Kwa Crohn yenye dalili za ukali (umri mdogo, fistula, utumbo mrefu ulioshikwa) naona hoja ya kuanzia juu imeshinda. Kwa kolaitisi ya vidonda haijashinda: mesalazini inawafaa wengi, makovu ya kuziba njia ni nadra, na kupanda ngazi kwa uangalifu bado ni busara.

Hatari zenye uzito tofauti kwetu

Tafiti hizo zimefanywa zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako kifua kikuu ni nadra. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. TNF ndiyo inayosaidia mwili kujenga na kulinda vile vijivimbe vidogo ambamo vijidudu vya kifua kikuu hufungiwa vikiwa vimelala. Ukiiondoa TNF, kifungo kinavunjika. Mwaka 2001 iliripotiwa idadi ya watu 70 waliougua kifua kikuu baada ya infliksimabu, nusu yao wakiugua ndani ya wiki 12 za kwanza, na kwa zaidi ya nusu ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu. Jibu la wataalamu lilikuwa kupima kabla ya kuanza: historia ya mgonjwa, picha ya kifua, kipimo cha ngozi au cha damu, na dawa za kinga kwa mwenye vijidudu vilivyolala. Hepatitisi B inapimwa vilevile, kwa kuwa nayo huamka. Kwa mgonjwa ambaye amekuwa akimeza prednisoloni kwa miezi, kipimo cha ngozi au cha damu kinaweza kusema hakuna wakati vijidudu vipo, hivyo vipimo vifanyike mapema, kabla ya steroidi kuviharibu.

Tatizo zito zaidi liko nyuma ya hapo. Kifua kikuu cha utumbo hushika mahali palepale Crohn inapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba, na huleta homa, kukonda, maumivu na vidonda vinavyofanana na vya Crohn kwenye kamera. Amiba na kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, vinaweza kuiga kolaitisi. Kumpa mwenye kifua kikuu cha utumbo dawa ya kuondoa TNF ni kuufungulia ugonjwa mlango. Kwa hiyo kauli ya "kuanzia juu haraka" inayofaa London haiwezi kuhamishiwa Mwanza bila sharti: haraka baada ya utambuzi, wala si badala ya utambuzi. Vipande vya nyama vichukuliwe mahali pengi, vipimwe kwa darubini na kwa kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu, na pale shaka inapobaki, dawa za kifua kikuu ndizo hutangulizwa na hali ya utumbo kuangaliwa tena. Wiki zinazotumika hivyo hazijapotea.

Wanaoogopa saratani wana namba za kuwajibu. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 189,289, uliona saratani ya limfu kwa kiwango cha 0.26 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka kwa wasiotumia dawa hizi, 0.41 kwa dawa za kuzuia TNF, 0.54 kwa azathioprini na dawa za jamii yake, na 0.95 kwa mchanganyiko. Hatari inaongezeka, hilo ni kweli, lakini hata kwa mchanganyiko iko chini ya mtu mmoja kwa elfu kwa mwaka, na azathioprini ya bei rahisi inachangia zaidi kuliko sindano inayoogopwa. Zaidi ya hayo, mbadala wa dawa ya kibayolojia kwa mgonjwa mahututi karibu kila mara ni prednisoloni inayorudiwarudiwa. Katika kumbukumbu kubwa ya wagonjwa ya Marekani iitwayo TREAT, prednisoloni na dawa za aina yake ndizo zilizohusishwa na ongezeko la vifo. Ajabu ni kwamba vidonge hivyo hununuliwa dukani bila kuulizwa swali, huku dripu ikiogopwa kama sumu.

Kuna jambo moja linalowahusu akina mama wa huku moja kwa moja. Dawa za kuzuia TNF huruhusiwa kwa kawaida wakati wa ujauzito, kwa sababu ugonjwa uliolipuka ni hatari zaidi kwa mtoto. Lakini kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma katika miezi ya mwisho na kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi kadhaa, na chanjo ya BCG, ambayo kwetu hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa, ina vijidudu hai. Uingereza kuliripotiwa mwaka 2010 kifo cha mtoto mchanga ambaye vijidudu vya BCG vilisambaa mwilini mwake baada ya mama yake kutumia infliksimabu akiwa mjamzito. Mjamzito anayetumia dawa hizi lazima awaambie wakunga kabla ya kujifungua, na BCG icheleweshwe kwa ushauri wa daktari, kwa kawaida angalau miezi 6.

Vedolizumabu hupunguza sehemu kubwa ya wasiwasi huu kwa sababu kazi yake imejifunga utumboni. Katika jaribio la VARSITY la mwaka 2019 iliishinda adalimumabu kwa kolaitisi ya vidonda, asilimia 31.3 dhidi ya 22.5 wakiwa wametulia kufikia wiki ya 52. Kwa nchi yenye kifua kikuu kingi ingekuwa chaguo la kwanza la wengi, kama si bei yake na ule uchelewaji wake wa kuanza kazi kwa wenye Crohn.

Je, za nafuu ni za kuiga?

Kidonge cha aspirini kina molekuli yenye atomu 21, na kiwanda chochote makini kinaweza kuitengeneza ilivyo. Molekuli ya infliksimabu ina uzito wa zaidi ya mara 800 ya hiyo, na inazalishwa na seli hai ambazo hazitoi nakala zinazolingana hadi chembe ya mwisho. Hivyo hakuna nakala kamili. Kuna biosimila, dawa iliyolinganishwa na ile ya awali kwa muundo, utendaji na matokeo hadi tofauti isiwe na maana kwa mgonjwa. Wenye shaka husahau kwamba hata Remicade, infliksimabu ya awali, ilibadilika kidogo kadiri kiwanda chake kilivyobadilisha taratibu kwa miaka.

Biosimila ya kwanza ya infliksimabu, ya kampuni ya Celltrion ya Korea Kusini, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2013. Serikali ya Norwei ikagharimia jaribio la NOR-SWITCH, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2017: watu 482 waliokuwa wametulia kwa Remicade, nusu wakabadilishiwa. Ugonjwa ulizidi kwa asilimia 26 ya waliobaki na asilimia 30 ya waliobadilishiwa, ndani ya kipimo kilichowekwa kabla. Wapinzani walishika namba za wenye Crohn peke yao, 21.2 dhidi ya 36.5, na ni haki yao kuziuliza. Lakini jaribio hilo lilichanganya magonjwa sita na halikupangwa kujibu swali la ugonjwa mmoja mmoja, na awamu iliyofuata haikuirudia tofauti hiyo. Mwaka 2019 jimbo la British Columbia huko Kanada liliagiza wagonjwa wanaolipiwa na serikali wahamie kwenye biosimila, na majimbo mengine yakafuata. Kwangu, swali la ubora linabaki kwenye usajili: chupa iliyopitishwa na mamlaka makini, kama TMDA Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, iaminiwe, iliyoletwa kwenye begi isiaminiwe, hata ikiwa na jina la awali.

Kisu, na swali la kuacha

Upasuaji huzungumzwa kama kushindwa, na hilo ni kosa. Jaribio la LIR!C lililowahusu wagonjwa 143 wenye Crohn iliyoshika kipande kifupi cha mwisho wa utumbo mwembamba lililinganisha infliksimabu na kukata kipande hicho kwa tundu dogo. Hali ya maisha baada ya mwaka ilikaribiana. Katika ufuatiliaji wa miaka iliyofuata, karibu nusu ya walioanza na dawa waliishia kukatwa, wakati robo tu ya waliokatwa ndiyo walihitaji dawa za kuzuia TNF. Kwa mgonjwa wa namna hiyo asiye na bima ya uhakika, daktari mpasuaji mzoefu ni tiba ya haki, wala mgonjwa hajatupwa.

Kuhusu kuacha dawa baada ya kutulia, utafiti wa STORI ulionyesha kwamba karibu asilimia 44 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Anayeanza, basi, ahesabu miaka.

Hesabu ya mwisho

Ichukuliwe mtu wa kilo 60. Infliksimabu hutolewa wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Ni dripu 8 katika mwaka wa kwanza, kila moja ikihitaji chupa 3 za miligramu 100. Jumla chupa 24, zote zikitunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 kuanzia kiwandani hadi wodini. Familia nyingi huweza kuchanga za mwanzo kwa harambee, kisha mchango unakauka. Hapo ndipo tatizo la fedha linageuka kuwa tatizo la tiba: katika ACCENT I, waliopewa dripu kwa vipindi vya hapa na pale walitengeneza kingamwili dhidi ya dawa kwa asilimia 30, dhidi ya asilimia 10 ya walioendelea kwa ratiba. Dripu tatu za harambee zinaweza kuiharibu dawa hiyo kwa mgonjwa huyo daima, na akirudi kuitafuta mwakani inaweza kumletea mzio.

Kuna watakaosema kwamba sharti la kuendelea ni ukatili, linawanyima maskini hata nafasi ya kujaribu. Jibu langu ni kwamba sharti hilo lielekezwe kwa wanaolipa. Mfuko wa bima unaokubali kulipia dripu za kwanza na kukataa zinazofuata unapoteza fedha zake na mgonjwa pamoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu, pamoja na biosimila zake, katika orodha ya dawa muhimu. Baada ya hatimiliki ya Humira, adalimumabu ya awali, kuisha Ulaya mwaka 2018, bei katika baadhi ya zabuni za huko ilishushwa kwa hadi asilimia 80. Punguzo la namna hiyo hupatikana kwa anayenunua kwa wingi, na serikali za Afrika Mashariki zikinunua pamoja zitakuwa na sauti ambayo familia moja haina.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, mambo ya kumuuliza daktari kabla ya kutia saini ni haya: kifua kikuu cha utumbo kimeondolewa kwa vipimo gani, hepatitisi B imepimwa lini, kipande kilichoshikwa ni kifupi kiasi cha kukatwa, dawa itakayotumika imesajiliwa, na dripu ya nne hadi ya nane italipwa na nani. Majibu yakiwepo na ugonjwa ni mkali, msisubiri. Yasipokuwepo, dripu ya kwanza isubiri.